Tuisheni ya Sayansi Ianzie Mezani, Si Kwenye Pepa

Wazazi wanaonitafuta niwafundishe watoto wao Fizikia na Hisabati nyumbani huuliza mambo matatu: bei, siku ngapi kwa wiki, na tutamaliza pepa ngapi kabla ya mtihani. Hilo la tatu ndilo hunipa kazi ya kueleza. Pepa za miaka iliyopita zina faida yake, na mtahiniwa asiyezipitia anajiponza. Lakini tuisheni inayoanza na pepa na kuishia kwenye pepa humzoesha mtoto kutambua sura ya swali tu. Mtunzi wa mtihani akiligeuza kidogo, mtoto anabaki kutafuta kanuni ya kubandika.

Saa moja ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja ni ghali. Basi itumike kwa yale yasiyowezekana darasani penye wanafunzi sabini na maabara moja: mtoto ashike vifaa kwa mikono yake, akisie, apime, akosee, na awepo mtu wa kumsikiliza akieleza alivyofikiri.

Chukua mfano wa pendulamu, jaribio ambalo kila mwanafunzi wa sayansi wa sekondari hukutana nalo. Vifaa ni uzi, nati moja, futi ya fundi cherehani na simu yenye saa ya kupimia. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kwenye msumari, na kutoka pale uzi unapoanzia hadi katikati ya nati pawe na mita 1. Kabla ya kuiachia, muulize mwanafunzi: tukiufupisha uzi uwe nusu mita, muda wa kwenda na kurudi mara moja utakuwaje? Karibu wote hujibu, "Utapungua nusu, mwalimu." Mwambie aliandike jibu hilo daftarini. Kuandika ni lazima, maana jibu la mdomo hubadilika kimyakimya baada ya jaribio, na mwenyewe ataapa hakusema hivyo.

Sasa apime. Uzi wa mita 1 utampa takriban sekunde 2.0. Uzi wa nusu mita hautampa sekunde 1. Utampa sekunde 1.4. Hapo mwalimu anyamaze. Mtoto atapima tena akidhani kakosea, kisha ataanza kufupisha uzi kidogo kidogo akiitafuta ile sekunde 1, na ataikuta kwenye sentimita 25. Ili muda upungue nusu, uzi umelazimika kubaki robo. Kile kipeuo cha pili kilichomo kwenye kanuni, ambacho alikuwa amekikariri kama sala, sasa amekipata mwenyewe kwa futi.

Jaribio halijaisha. Mwambie apime mbembeo mmoja tu, mara tano, kwa uzi wa mita 1. Atapata majibu yanayoruka: 1.8, 2.1, 2.2. Kidole cha binadamu huchelewa au huwahi kwa sehemu ya sekunde, tuseme 0.2. Akitumia 2.2 kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, atapata karibu 8.2, akitumia 1.8 atapata 12.2. Kitabu kinasema 9.8. Je, kitabu kinadanganya? Ahesabu sasa mibembeo 20 kwa mkupuo mmoja. Itachukua sekunde 40 na kidogo. Kidole bado kinakosea kwa 0.2 ileile, lakini safari hii kosa hilo limegawanywa kwa mibembeo 20, na jibu lake litaangukia kati ya 9.7 na 9.9. Mwanafunzi aliyepita hapo haulizi tena kwa nini karatasi ya vitendo inamtaka ahesabu mibembeo mingi. Na akikuuliza kwa nini kwetu, karibu na Ikweta, thamani hiyo ni 9.78 na kwenye ncha za dunia ni 9.83, umeshapata somo la wiki ijayo bila kulitafuta.

Watu wa elimu wamejaribu kupima faida ya kufundishwa peke yako. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha makala akidai kuwa mwanafunzi wa kawaida, akipewa mwalimu wake mwenyewe na asisogezwe mbele kabla hajaelewa, huwapita asilimia 98 ya wanaosoma katika darasa la kawaida. Wauzaji wa tuisheni wameipenda sana namba hiyo. Mimi siitegemei. Mwaka 2011 Kurt VanLehn wa Arizona State University alipitia tafiti nyingi kwa pamoja na kukuta faida ipo, ila ni ndogo kuliko aliyoisema Bloom: mwanafunzi wa kawaida mwenye mwalimu huwapita takriban asilimia 78 ya wasio naye. Si haba.

Kilichonivutia zaidi kwa VanLehn ni jambo jingine. Alilinganisha pia programu za kompyuta zinazofundisha. Zile zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua zilikaribia sana mwalimu binadamu. Zile zinazosubiri jibu la mwisho na kusema sahihi au si sahihi ziliachwa mbali. Tafsiri yake kwa tuisheni zetu ni kali: mwalimu anayekaa pembeni na simu yake, akingoja kusahihisha pepa kwa kalamu nyekundu, anafanya kazi ya ile programu dhaifu. Faida yote iko kwenye hatua za katikati.

Mfano mmoja wa Hisabati unatosha. Mtoto wa darasa la sita anajumlisha theluthi na robo, anapata mbili ya saba. Ukimwekea alama ya kosa na kumwonyesha njia ya asili shiriki, ataifuata leo na kuisahau Jumatatu. Badala yake, mpe vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja akikunje sehemu tatu sawa apake rangi theluthi. Cha pili akigawe saba, apake rangi mbili. Kipi kimefunikwa zaidi? Theluthi ni kubwa kuliko mbili ya saba. Yaani amechukua theluthi, ameiongezea robo, na imepungua. Atacheka, au atakasirika, vyote vinafaa. Baada ya hapo yeye mwenyewe atataka vipande vya ukubwa mmoja, na kumi na mbili itakuja kwa sababu inahitajika.

Historia yetu ina kisa kinachohusu jambo hili moja kwa moja. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, Tanzania, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida walichemsha maziwa, wakaweka sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku hiyo, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kuwa amejichanganya. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyefika kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala ya hao wawili ilichapishwa. Jina la Mpemba sasa limo katika vitabu vya fizikia duniani.

Wasichosimulia wengi ni kwamba suala hilo halijafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao Uingereza na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikitofautiana kimo kwa sentimita 1 tu kati ya chombo na chombo, matokeo yanaweza kupotosha. Kwa mwalimu wa tuisheni hii ni zawadi. Mwenye friji nyumbani anaweza kumwachia mwanafunzi apange: vikombe viwili vinavyofanana, kiasi kilekile cha maji, kimoja cha moto kimoja cha kawaida, kisha vibadilishane nafasi katika jaribio la pili, maana upande mmoja wa friji huwa na baridi kuliko mwingine. Akipata jibu lolote, atatakiwa alitetee.

Kompyuta ina mtego wake. Tuisheni nyingi zinazojiita za kompyuta ni mafunzo ya kubonyeza: fungua hapa, paka rangi jedwali, hifadhi. Hiyo ni stadi halali ya ofisini, lakini si sayansi ya kompyuta. Mimi huanza bila kuiwasha. Mwanafunzi anaficha namba kati ya 1 na 100, nami naikisia, yeye akisema tu "juu" au "chini". Nikianza na 50 na kukata katikati kila mara, mara 7 zinatosha. Je, ikiwa kati ya 1 na 1,000? Wengi huandika 70. Ni 10. Na milioni moja ni 20. Ndipo tunafungua mashine, naye anauandika mchezo huo kwa lugha ya Python, ambayo ni ya bure. Mdogo zaidi ataanza na lugha ya Scratch, iliyobuniwa chuo cha MIT, ambayo nayo ni ya bure na ina menyu za Kiswahili.

Kosa la kwanza huja haraka. Anaandika programu ya kujumlisha, anaingiza 2 na 3, kompyuta inajibu 23. Kidole cha mwalimu kitawashwa kurekebisha. Kisiguse kibodi. Muulize mtoto kompyuta imefikiri imepewa nini, mpaka aone kuwa kilichoingizwa kimechukuliwa kama maandishi, yakaunganishwa. Dakika kumi zitapita. Hizo ndizo mzazi alizolipia.

Kuhusu vifaa, sitaki mtu adanganywe kwamba sayansi yahitaji sanduku la bei kubwa kutoka ng'ambo. Maji ya rosela hugeuka rangi kwenye ndimu na kwenye magadi, na ndiyo kiashiria cha asidi na besi. Balbu ndogo za tochi zimeanza kuadimika, lakini kwa somo la umeme taa ya LED nyeupe na betri mbili za volti 1.5 zinafaa, na taa hiyo ina somo la nyongeza kwa kuwa ukiigeuza haiwaki. Mipaka iwepo: hakuna kugusa umeme wa ukutani, hakuna kufungua betri ya simu, na asidi ya betri ya gari isikae mezani.

Muda wa mtoto nao una mipaka. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ilikataza wanafunzi kulazimishwa tuisheni wakati wa likizo. Naelewa sababu, na hoja hiyo inahusu tuisheni ya jioni pia. Mtoto aliyekaa darasani siku nzima akinakili ubao hasaidiwi kwa kunakili saa mbili zaidi sebuleni kwenu.

Kwa hiyo, mzazi, wiki ya kwanza kaa karibu usikilize. Tazama nani ameshika kalamu, nani ameshika uzi, na nani anazungumza zaidi. Mwezi ukiisha, muulize mwanao akutajie jambo moja alilokisia likaja tofauti, na akueleze kwa nini. Akishindwa, zungumza na mwalimu; mwezi wa pili ukipita vilevile, tafuta mwingine.