Daktari Howard: Kutoka chumba cha upasuaji hadi siasa

Katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, mtu mweusi aliyeshikwa na kidole tumbo miaka ya 1930 alikuwa na shida mbili. Ya kwanza ilikuwa ugonjwa wenyewe, na ya pili mahali pa kupasuliwa. Hospitali za wazungu zilimkataa au kumlaza katika wadi ya kando, na daktari mweusi hakuruhusiwa kushika kisu humo.

Mwaka wa 1942 hali ilianza kubadilika huko Mound Bayou, mji mdogo ulioanzishwa mwaka wa 1887 na watu waliotoka utumwani. Hospitali ya Taborian ilifunguliwa hapo ikiwa na vitanda 42, vyumba viwili vya upasuaji, mashine ya eksirei na maabara. Madaktari na wauguzi wote walikuwa weusi. Mpasuaji mkuu, Theodore Roosevelt Mason Howard, alikuwa na umri wa miaka 33.

Howard alizaliwa mjini Murray, Kentucky, mwaka wa 1908 katika familia maskini. Daktari mzungu wa mji huo, Will Mason, alimpa kazi hospitalini mwake na kumsaidia katika masomo, na kwa shukrani kijana huyo akaliongeza jina Mason kwenye majina yake. Alihitimu udaktari mwaka wa 1935 katika chuo cha Waadventista kilichoko Loma Linda, California.

Huenda msomaji akauliza: nani aliyelipia hospitali hiyo? Haikuwa serikali wala wamishonari. Ilijengwa na chama cha kusaidiana kilichoitwa Knights and Daughters of Tabor. Mwanachama mtu mzima alilipa dola 8.40 kwa mwaka. Akiugua alipata siku 31 za kulazwa, pamoja na upasuaji, na akifa jamaa zake walipewa pesa za mazishi. Yeyote aliyewahi kuchangia chama cha kufa na kuzikana ataelewa mara moja. Wanachama wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba, watu ambao mkononi hawakuwa na kitu isipokuwa wingi wao.

Nadhani hapa ndipo siasa za Howard zilipoanzia. Mississippi ya siku hizo, mwalimu mweusi aliyejiandikisha kupiga kura aliweza kufutwa kazi, na mkulima akafukuzwa shambani na mwenye ardhi. Howard hakuwa na mzungu wa kumnyima mshahara. Riziki yake ilitoka kwa maelfu ya wagonjwa, kila mmoja na senti zake. Hata alipokosana na viongozi wa chama mwaka wa 1947 na kupoteza cheo, alifungua hospitali nyingine mjini humo humo, na wagonjwa wengi wakamfuata.

Mwaka wa 1951 aliunda baraza la kutetea haki za weusi, Regional Council of Negro Leadership. Kampeni yake ya kwanza ilihusu vyoo. Vituo vya petroli viliuzia weusi mafuta lakini viliwafungia msala, basi baraza likasambaza maelfu ya vibandiko vya magari vikiwahimiza watu wasinunue petroli mahali wasipoweza kwenda haja. Mmoja wa vijana walioendesha kampeni hiyo alikuwa Medgar Evers, muuzaji wa bima katika kampuni ya Howard, ambaye aliuawa kwa risasi mwaka wa 1963. Mabenki ya wazungu yalipoanza kuwanyima mikopo weusi waliodai haki, Howard na wenzake waliwashawishi watu na vyama kuweka akiba katika benki ya weusi mjini Memphis, na mikopo ikatoka huko.

Agosti 1955 kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, aliuawa Mississippi. Wakati wa kesi nyumba ya Howard, iliyolindwa kwa bunduki, ilimpokea mama wa marehemu, waandishi wa habari na mashahidi waliokuwa wakijificha. Majaji wa baraza, wote wazungu, waliwaachilia washtakiwa baada ya kushauriana kwa muda wa saa moja hivi. Howard alizunguka nchi akisimulia kisa hicho. Novemba 27 alihutubia kanisani Montgomery, Alabama, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Rosa Parks. Siku nne baadaye Parks alikataa kumpisha mzungu kiti katika basi.

Vitisho vya kuuawa vilimfanya Howard ahamie Chicago mwaka uliofuata. Huko alikuwa rais wa chama cha madaktari weusi wa Marekani, na mwaka wa 1958 akawania kiti cha Congress kwa tikiti ya Republican dhidi ya William Dawson, mwanasiasa mweusi aliyeshikwa mkono na wakubwa wa chama cha Democratic mjini humo. Alishindwa vibaya. Umaarufu wa Mississippi haukumsaidia mahali ambapo kura zilipangwa mtaa kwa mtaa.

Howard hakuwa malaika. Alipenda magari ya fahari, mbio za farasi na kuwinda wanyama wakubwa barani Afrika. Alitoa mimba wakati sheria ya Illinois ilikataza, akakamatwa mwaka wa 1964 na 1965, lakini hakupatikana na hatia. Mwaka wa 1972 alifungua kituo kikubwa cha afya kusini mwa Chicago, na alipofariki mwaka wa 1976 mazishi yake yaliongozwa na Jesse Jackson.

Huko Mound Bayou, hospitali zake mbili za zamani ziliunganishwa mwaka wa 1967 chini ya ufadhili wa serikali ya Marekani. Ufadhili ulipopungua madeni yaliongezeka, na mwaka wa 1983 milango ilifungwa.