Istilahi za Bustani ya Nyumbani: "Rasmi" au "Linganifu"?

Katika makala haya twakusudia kueleza istilahi chache za upangaji wa bustani ya nyumbani, hasa ile yenye mistari iliyonyoka na pande mbili zinazofanana. Mtindo huo ni wa kale. Waajemi waligawa bustani zao sehemu nne kwa mifereji ya maji. Na huko Ufaransa, katika karne ya 17, André Le Nôtre alimpangia Mfalme Louis XIV bustani za Versailles kwa kufuata mistari na vipimo. Neno letu bustani nalo lina asili ya Kiajemi, nalo limetufikia kwa njia ya Kiarabu.

Mfasiri anayekutana na jina la mtindo huu katika kitabu cha Kiingereza huvutwa kuandika "bustani rasmi". Tafsiri hiyo haifai. Shina la neno rasmi katika Kiarabu linahusu kuchora, lakini katika Kiswahili maana iliyokita ni ile ya kutambuliwa na mamlaka: lugha rasmi, ziara rasmi, taarifa rasmi.

Kosa hili lina madhara. Tuchukue mfano wa mkazi wa Misugusugu, Kibaha, aliyejenga kando ya barabara iendayo Morogoro. Katika mambo ya ardhi amezoea kusikia "makazi yasiyo rasmi", yaani yaliyojengwa bila kupangwa wala kupimwa; na tangu MKURABITA ilipoanzishwa mwaka 2004, neno kurasimisha limeenea. Akipewa kijitabu kinachomwambia kwamba yake ni "bustani isiyo rasmi", atadhani kuwa amekosa kibali, kumbe imesemwa tu kwamba njia zake zimepinda! Jambo la umbo limegeuka kuwa jambo la sheria.

Kwa hiyo twapendekeza bustani linganifu kwa ile yenye pande zinazofanana, na bustani huria kwa ile isiyofuata mstari. Istilahi nyingine zinazohusiana nazo ni hizi:

(a) Mhimili: mstari mkuu wa bustani, kwa mfano njia itokayo langoni moja kwa moja hadi mlangoni. Kila kilicho kulia mwake huwa na mwenzake kushoto.

(b) Ua: neno hili lahitaji uangalifu. Ua la mmea, wingi wake maua, si sawa na ua wa kuzunguka nyumba, wingi wake nyua. Upatanisho wa kisarufi hututofautishia: ua limekatwa, ua umekatwa. Lakini agizo "kata ua" halina upatanisho, na mtunza bustani aweza kuuacha ua na kukata waridi. Yafaa kuandika ua wa michongoma au ua wa minyaa. Ule wa nyaya au mabati uitwe uzio.

(c) Tuta la maua: sehemu iliyoinuliwa kwa kupandia maua. Kitalu kibaki kuwa mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuihamisha, na jaruba libaki katika mashamba ya mpunga.

(d) Ukoka: majani yatambaayo yanayopandwa ili kufunika uwanja. Nyasi ni neno pana mno, kwani hata za kuezekea ni nyasi.

(e) Kupogoa: kukata matawi ili mmea upate umbo litakiwalo. Tusichanganye na kufyeka, ambako ni kuondoa kichaka chote.

Msomaji ataona kwamba hakuna hata neno moja hapa lililobuniwa upya. Kazi iliyopo ni kulipa kila neno mpaka wake, ili mwalimu, karani na mwenye nyumba wafahamiane. Wasomaji wenye maneno mengine yatumikayo kwao kwa vitu hivi twawaomba watuletee, pamoja na mifano ya matumizi yake.