Shajara yako ya mtandaoni iko kwa ploti ya nani?

KAMA ulisoma Kiswahili shuleni hapa Kenya, basi uliandika shajara. Ulibuni wiki nzima: Jumatatu niliamka alfajiri, Jumanne mvua ikanyesha, Jumatano shangazi akaja na ndizi. Mwalimu akatoa alama, daftari likafungwa, na pengine likaishia kwa muuza njugu.

Lakini kuna wale waliotoka shule wakaendelea kuandika, safari hii mtandaoni na bila mtu wa kuwapa alama. Leo ni kisa cha konda aliyekatalia chenji. Kesho mwenyewe amechoshwa na rangi ya ukurasa wake, anaitoa bluu anaweka nyeusi, kisha anawatangazia wasomaji wake kumi na wawili kana kwamba ni taarifa kutoka Ikulu. Kesho kutwa ameokota kioja mahali kwenye intaneti na hawezi kulala kabla hajakionyesha wengine. Ukimuuliza inamsaidia nini, atakuna kichwa.

Mimi nawaunga mkono watu hawa. Magazeti yatakwambia nani alishinda uchaguzi. Nauli ya kutoka mtaani hadi tao ilikuwa ngapi siku ya mvua, watu walicheka nini, walilala saa ngapi stima zikipotea, hayo utayapata kwa mtu aliyekuwa anajiandikia tu. Mradi ukurasa wake bado upo. Na hapo sasa ndipo kuna mambo.

Tabia hii si ya jana. Mnamo Januari 1994, mwanafunzi wa chuo nchini Marekani, Justin Hall, alifungua ukurasa wake na kuanza kuanika maisha yake pamoja na vitu alivyokuwa akivigundua mtandaoni. Desemba 1997, Jorn Barger akaupa uandishi wa aina hii jina, "weblog". Mwaka wa 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo kwa mzaha likawa "we blog", ndiyo sababu leo tunasema blogu. Mwaka huohuo kampuni ndogo ya Pyra Labs ilizindua Blogger, na 2003 Google ikainunua. Tangu hapo hukuhitaji kuwa fundi wa kompyuta. Ulihitaji tu kitu cha kusema na pesa za saiba.

Hapa kwetu kulikuwa na Ory Okolloh na blogu yake ya Kenyan Pundit. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na serikali kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, watu walikimbilia kurasa kama yake kujua kinachoendelea. Mapema Januari 2008 aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilikotokea. Wakajitokeza David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine, na katika siku chache Ushahidi ikazaliwa. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilikuwa ikitumika Haiti kufuatia tetemeko la ardhi. Yote hayo yalianzia kwa ukurasa wa mtu mmoja.

Sasa fikiria ukurasa kama huo ukipotea. Si mzaha, hutokea.

Kulikuwa na mtaa mkubwa wa kurasa za bure ulioitwa GeoCities, ulioanza 1994. Watu wa kawaida walijenga humo mamilioni ya kurasa: picha za paka, mapishi, barua kwa wapenzi, maua yanayometameta. Yahoo iliununua 1999 na Oktoba 2009 ikaufunga. Ajabu ni kwamba 2009 ndio mwaka nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Sisi tunaingia na mizigo yetu, wenzetu wanafurushwa. Kilichonusurika ni kile watu wa kujitolea walichowahi kunakili kabla ya tingatinga kupita.

MySpace nayo ilikiri mwaka wa 2019 kwamba ilipoteza nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016, wakati ilipokuwa ikihamisha data. Nyimbo pekee zilikisiwa kuwa zaidi ya milioni 50. Kuna msee mahali alirekodi kwenye chumba cha kulala na hiyo ndiyo ilikuwa nakala yake ya mwisho. Na kwa jumla, utafiti wa Pew uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kinachobaki hakifuati haki. Tovuti ya filamu ya Space Jam ya 1996 iko hadi leo na nyota zake zilezile. Filamu mpya ilipotoka 2021, ile ya zamani ilisogezwa pembeni tu, haikuguswa. Chungu cha kahawa cha chuo kikuu cha Cambridge, kilichowekewa kamera ili watu wajue kama kahawa imeisha kabla ya kutembea bure, kilitazamwa na dunia nzima tangu 1993 hadi kamera ilipozimwa 2001. Kila mtu anakikumbuka. Shajara ya dada yako ya mwaka wa 2012 je?

Shida ni kwamba wengi wetu tumejenga kwa ploti ya mtu. Hulipi rento, sawa, lakini landilodi akiamua kubomoa, unapewa notisi na unabeba unachoweza. Google+ ilienda hivyo Aprili 2019. Na tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijafunguliwa kwa miaka miwili. Kwa hivyo ile imeili ya sekondari yenye jina la aibu, yenye picha zako zote za form two, hebu iingie leo.

Kuna watakaosema afadhali vipotee. Nawaelewa. Hakuna anayetaka bosi mtarajiwa asome mashairi yake ya mapenzi ya umri wa miaka 16. Lakini kufuta mwenyewe ni tofauti na kufutiwa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba nakala ya data zako, si haki ya kuomba zifutwe tu.

Njia zipo na ni za bure. Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma 2001, ina sehemu ya kubandika anwani ya ukurasa ulio wazi na kuuhifadhi papo hapo. Google ina Takeout, na Facebook na Instagram pia zina mahali pa kupakua kila ulichowahi kuweka. Ukitaka ploti yako mwenyewe, nunua jina la tovuti, ila ujue hulipwa kila mwaka. Ukisahau, siku moja utafungua shajara yako ukute mtu anatangaza kamari.

Faili za Takeout huja zikiwa nzito, hasa ukiwa na picha nyingi. Usijaribu na bando ya simu. Ngoja wifi ya kazini.