Yesu alimgusa kwanza, kisha akamtuma akapimwe

Neno letu Jumapili ya leo linatoka Injili ya Marko 1:40-45. Ni habari ya mtu mwenye ukoma aliyemjia Yesu, akapiga magoti na kumwomba amtakase.

Ili tuelewe uzito wa kilichofuata, turudi kwenye Mambo ya Walawi sura ya 13. Mwenye ukoma alitakiwa avae nguo zilizoraruka, akae peke yake nje ya kambi, na apaze sauti kuwaonya watu kwamba yeye ni najisi. Huenda mtu huyu alikuwa na miaka mingi hajashikwa mkono na yeyote. Marko anaeleza hatua kwa hatua: Yesu alimhurumia, akanyosha mkono, akamgusa, ndipo akatamka neno la kumtakasa. Alimguswa angali na ukoma wake.

Baada ya kupona, Yesu alimpa agizo ambalo mara nyingi tunalipita haraka: aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa mujibu wa Walawi 14, kuhani ndiye aliyemkagua mtu na kuthibitisha kwamba amepona. Yesu hakuona kukaguliwa kuwa ni kukosa imani.

Mambo haya mawili, mkono na kipimo, tuyatazame leo tukiwakumbuka ndugu zetu wanaoishi na VVU.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwa wananchi mwaka 2004. Katika miaka yote iliyokuwa katikati, kina mama, mabibi na wauguzi waliwahudumia wagonjwa wakiwa na maji, sabuni, uji na mikono yao tu. Walijua hawawezi kuwaponya, lakini hawakuwaacha wafe peke yao.

Leo dawa ipo, ila hofu haijaisha. Bado kuna nyumba ambako mgonjwa ana sahani yake na kikombe chake, na mashuka yake hufuliwa mbali. Hofu hii hutokana na kutoelewa upungufu wa kinga ni nini. VVU hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kama ya mlinzi anayepuliza filimbi ili walinzi wengine waamke. Mtu anaweza kuishi na virusi kwa miaka mingi bila dalili. Chembe hizo zikipungua sana bila tiba, magonjwa ambayo mwili ungeyazuia hupata mlango: kifua kikuu, utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi, homa ya uti wa mgongo. Hapo ndipo tunasema mtu ana Ukimwi.

Sasa fikiri, mpendwa. Ukiingia chumbani kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, nawe una mafua au kikohozi, nani anapaswa kumwogopa mwenzake? VVU haviambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, jasho wala kukumbatiana. Lakini kikohozi chako kinaweza kumlaza hospitali. Kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumhudumia, na ufanye hivyo kwa ajili yake. Fungua madirisha hewa ipite. Yeye akianza kukohoa, usisubiri wiki mbili; mpeleke akapimwe kifua kikuu.

Glovu zina mahali pake: unaposhika damu, kidonda au uchafu wa mtu anayeharisha. Hazihitajiki unapomlisha, unapomsuka nywele au unapomshika mkono mkiomba. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mwenye vidonda mdomoni asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, apewe chakula laini, na apelekwe kliniki apate dawa.

Tuje kwenye kipimo. Wapo waumini wanaoambiwa kwenye maombi kwamba wameshapona, hivyo waache dawa ili kuonyesha imani. Wengine wenyewe hupima wingi wa virusi, wakaambiwa havionekani, wakatoa ushuhuda na kuziacha. Ndugu zangu, tusemezane ukweli. Virusi visivyoonekana kwenye kipimo havijatoka mwilini. Vichache hujificha ndani ya chembe zilizolala, mahali ambapo dawa haivifikii. Ukiacha dawa, mara nyingi ndani ya wiki chache huamka na kuzaliana tena, na anayemeza leo na kuruka kesho anaweza kutengeneza virusi sugu.

Hata hivyo jibu hilo la "havionekani" ni habari njema sana. Mtu aliyefikia hapo na anaendelea kumeza dawa zake kila siku hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito anayetumia dawa vizuri ana nafasi kubwa ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na maambukizi. Hayo ni mambo ya kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na kidonge kikiwa bado mkononi.

Katika 2 Wafalme 20, mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumponya. Ahadi ikiwa imeshatolewa, nabii Isaya bado aliagiza tini ziletwe na kuwekwa juu ya jipu lake. Tini hazikuidharau ahadi. Na wana wa Israeli jangwani waliokota mana kila siku; ya jana iliyowekwa akiba iliharibika. Hakuna aliyesema kuiokota tena asubuhi ni dalili ya kumtilia Mungu shaka. Vivyo hivyo kidonge cha leo ni riziki ya leo.

Wachungaji na wazee wa kanisa, mwombeeni mgonjwa, mwekeeni mikono, kisha mumuulize tarehe yake ya kwenda kliniki ni lini. Ikiwa hana nauli, kanisa limtafutie. Akija kusema amepona, mwambieni kwa upendo kama Bwana alivyomwambia yule wa Marko: nenda ukajionyeshe kwa wenye kazi hiyo, na usiache dawa mpaka wao waseme.

Nawe ambaye una ndugu anayekula peke yake chumba cha nyuma, leo baada ya ibada mkaribishe mezani mle pamoja.

Ee Bwana, uliyenyosha mkono wakati wengine waliurudisha, utupe huruma yako na akili ya kuitumia vema. Amina.