Kwa Baiskeli Kutoka Kiboriloni Hadi Mwanga

Je, umewahi kuendesha baiskeli kutwa nzima pamoja na wenzako? Siku hizi wengi hupanda basi au bodaboda. Lakini baiskeli haili mafuta, na kikundi chetu hakikuwa na fedha za kukodi gari.

Mwezi Agosti mwaka jana tulikuwa watu tisa, wakulima wanane na mimi bwana shamba wao. Tulitaka kwenda Mwanga kuona ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la Wapare. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, kisha hufunguliwa mchana kumwagilia mashamba. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilometa 80.

Jioni ya kuamkia safari tulikaza breki na kupaka minyororo mafuta. Tulifunga pampu, gundi na viraka kwenye keria. Kila mtu aliambiwa achukue lita tatu za maji. Mimi sikukagua madumu. Hilo lilikuwa kosa langu, utaliona mbele.

Tuliondoka alfajiri, kukiwa na baridi. Kutoka Kiboriloni hadi Uchira barabara hupanda na kushuka vilima. Kwenye mteremko usishike breki ya mbele peke yake, utapinduka. Shika zote mbili polepole, na ukae mbali na mwenzako. Malori yana haraka, kwa hiyo tulikwenda mstari mmoja, upande wa kushoto.

Tulipopita Njiapanda migomba iliisha. Unajua kwa nini? Mawingu ya mvua hutoka Bahari ya Hindi. Yakifika milimani hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Nchi iliyo nyuma ya milima ya Upare hupata mabaki tu. Si jangwa kama Sahara, lakini utaona migunga, mibuyu, mkonge na vumbi. Kivuli ni cha kutafuta.

Hapo upepo wa kusi ulitupiga usoni. Mtu wa mbele hukata upepo, wa nyuma yake hupata nafuu. Basi tulipokezana kuongoza. Tulichokosea ni mwendo. Vijana walikimbia. Mzee wetu mmoja aliwafuata kwa kuona aibu kuachwa.

Tulipopita Kifaru tulimwona anayumba. Alishuka, akaketi kando ya barabara. Kichwa kilimwuma, akasikia kizunguzungu. Dumu lake lilikuwa tupu. Alikuwa amechukua lita moja tu, maana maji ni mazito.

Tulimlaza chini ya mgunga, tukamfungua vifungo vya shati, tukamlowesha kichwa na shingo. Tulikuwa na chumvi na sukari. Shika kipimo hiki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visijae kichuguu, visawazishe. Alikunywa kidogo kidogo. Kama angetapika au kuongea ovyo, tungesimamisha gari lolote limpeleke hospitali. Nakuambia kweli, niliogopa. Ningemwambia nini mkewe? Baada ya muda mrefu mzee alifumbua macho, akauliza, "Hiyo ndiva bado iko mbali?" Tulicheka kwa furaha.

Tangu hapo mzee aliwekwa nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, na mwendo wake ukawa mwendo wa wote. Tulisimama kila nusu saa kunywa maji, mwenye kiu na asiye na kiu. Ndiva tuliiona, na habari zake nitakuandikia siku nyingine.

Kurudi tulingoja mpaka saa tisa na nusu, jua lipungue. Sasa kusi ilitusukuma mgongoni. Vilima vya Uchira tulivipanda kwa miguu tukisukuma baiskeli, wala hatukuona haya. Tuliingia Kiboriloni saa mbili usiku, taa za dinamo zikiwaka. Mzee ndiye aliyekuwa mbele, na mkewe alikuwa amesimama barabarani na kibatari.