Matangazo ya Jumapili Kanisani

Aliyepata kusali Jumapili katika parokia za Kibondo au Kasulu ameona jambo hili: Komunyo imekwisha, watoto wamechoka, lakini hapana mtu atokaye. Wote wanangoja matangazo. Kwa wenzetu wasio Wakatoliki, na kwa wazazi wanaodhani kwamba sisi vijana hatusikilizi, napenda kueleza matangazo hayo ni nini na jinsi yanavyofika mbali.

Mapadri wa parokia ni wachache, lakini vigango ni vingi, na vingine viko nyuma ya milima. Padri hawezi kufika kila kigango kila Jumapili, kwa hiyo huko ibada huongozwa na katekista. Basi habari huandikwa parokiani, naye huipeleka kwa baiskeli au pikipiki, akaisoma mbele ya watu. Katikati ya juma viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, yaani nyumba chache za majirani wanaosali pamoja, huwakumbusha watu wao. Siku hizi simu husaidia, ila pengine haishiki mtandao mpaka upande kilimani.

Habari nyingi ni za kazi: WAWATA watafanya usafi lini, kwaya itafanya mazoezi saa ngapi, nani ataleta mchanga wa kigango kipya, mahindi na maharage ya mavuno yatapokewa siku gani. Majilio yakikaribia hutajwa siku za maungamo.

Lakini tangazo linalonyamazisha kanisa zima ni la ndoa. Majina ya wachumba na ya wazazi wao husomwa Jumapili tatu. Desturi hii si ya jana. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza ndoa zitangazwe, na ule wa Trento ukaweka mara tatu mwaka 1563. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo yataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, yaani majuma matatu. Shabaha ni kwamba mwenye kujua kizuizi, tuseme bwana ana mke aliyemwacha mjini, aseme kabla ya pete. Kanisa linamlazimu kusema, si umbea.

Mimi nilijua thamani ya matangazo kwa hasara. Nikiwa darasa la saba nilikuwa katika mafundisho ya Kipaimara. Kwa kawaida Askofu ndiye anayekitoa, na parokia ni nyingi, hivyo zamu hungojewa. Likatoka tangazo: kila mtoto alete cheti cha ubatizo kabla ya siku fulani. Jumapili ile mvua ilikata njia, na karatasi haikufika kigangoni kwetu. Watoto saba tukakosa kuandikwa. Mama alikuwa amekwisha nishonea shati jeupe. Tulisimama nyuma, tukaimba pamoja na wengine. Nilikipata mwaka uliofuata, shati likinibana mabegani.

Tangu hapo katekista wetu husoma kila tangazo la tarehe Jumapili mbili mfululizo, kisha hulibandika mlangoni. Nami nikiwa likizoni ndiye ninayetumwa parokiani kuchukua karatasi, Jumamosi jioni, kwa baiskeli ya baba. Mvua ikinyesha huivika mfuko wa nailoni.