Baiskeli ya mzigo kwenye njia panda

Mchuuzi wa mkaa anayetokea upande wa Dar es Salaam kwa baiskeli, akifika Chalinze na kutaka kushika barabara ya Segera, hulazimika kukata kulia mbele ya magari yatokayo Morogoro. Hapo ndipo penye hatari.

Lori lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde. Mwenye magunia mawili akihitaji sekunde tano kuvuka, lori lililokuwa umbali wa mita 110 limeshamfikia. Kwa kilomita 50, mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria kwenye makazi, lingekwenda mita 70 hivi. Hata hivyo lawama humwangukia mwenye baiskeli.

Kwake yeye, nafuu ni kutosubiri katikati ya barabara. Asimame pembeni kushoto, ashuke, aangalie pande zote, kisha asukume hadi ng'ambo. Kusukuma huchukua muda zaidi, hivyo asubiri nafasi kubwa. Atapoteza dakika chache sokoni. Akivunjika mguu, baiskeli, ambayo ndiyo mtaji wenyewe, huenda ikauzwa kulipia matibabu.